Usiku Kinakuwa Kiti

Wasikilizaji wapendwa, kabla hamjaketi kunisikiliza, hebu tazameni kwanza mnachotaka kukalia. Kama kina jicho dogo lililochongwa ubavuni, basi hiyo ni kazi ya mikono ya Gerishom Thuku. Na kama ni kazi ya Gerishom Thuku, yawezekana kabisa kwamba si kiti. Huenda ni meza. Huenda ni kitanda cha mtoto. Mimi mwenyewe hapa studio nimekalia kigoda chake, huu mwaka wa tatu, kina jicho, na hadi leo sijagundua kinageuka kuwa nini.

Huyo ndiye tunayemkumbuka leo. Gerishom Thuku, fundi seremala, wa Marereni na baadaye wa Malindi mjini. Alifariki mwezi uliopita, Machi mwaka huu wa 1989, akiwa na umri wa miaka hamsini na mitatu. Ameacha mjane, Bi Jedida, na watoto watatu. Ameacha pia mdogo wake, Joram, waliyekuwa wakifanya naye kazi katika karakana moja.

Sikuja kuwaliza. Nilikwenda matangani kwake, na niliporudi nilikuwa nimecheka mara mbili na kushusha pumzi mara moja. Hiyo pumzi ndiyo iliyonileta mbele ya kipaza sauti hiki. Tulieni niwasimulie ilitoka wapi.

Gerishom hakuzaliwa pwani. Alizaliwa bara, Murang'a, kwenye baridi na matope mekundu. Alifika Marereni mwaka 1979, kuajiriwa na kampuni moja ya chumvi. Kazi yake ilikuwa milango ya maji. Mnajua, wasikilizaji, mashamba ya chumvi yamegawanywa mabwawa mabwawa, na kati ya bwawa na bwawa kuna mlango wa mbao wa kufungulia maji ya bahari na kuyazuia. Gerishom aliajiriwa kuitengeneza milango hiyo.

Alitengeneza mlango wake wa kwanza kama alivyozoea kwao, kwa misumari. Mwaka haujaisha, mlango ukaanguka majini, vipande vipande. Akatengeneza wa pili kwa misumari mikubwa zaidi. Nao ukaenda na maji. Chumvi ya Marereni inakula chuma kama panya alaye sabuni. Wenyeji walimtazama, wakacheka kidogo, kisha wakamwonyesha. Hapa msumari ni wa mti. Unachonga kigingi cha mbao ngumu, unakigongomea, kikilowa kinavimba, na kikivimba hakitoki.

Gerishom alipenda vigingi kama mtu apendavyo chai ya tangawizi. Kwa sababu aligundua jambo. Kuna kigingi cha kugongomewa kikakaa milele. Na kuna kigingi cha kuchomoka, unachokivuta kwa vidole viwili. Na ukishakuwa na kigingi cha kuchomoka, kitu chochote kinaweza kufunguka kikawa kitu kingine.

Hapo ndipo mchezo ulipoanzia.

Wafanyakazi wa chumvi walikaa katika majumba ya kampuni. Chumba kimoja kwa kila familia. Hatua nne kwa hatua tatu. Humo ule, uoge, ulale, upokee wageni, uwafunze watoto kusoma. Gerishom na Jedida walikuwa na chumba kama hicho, na watoto watatu ndani yake. Kwa hiyo akaanza kwake. Akatengeneza meza inayotundikwa ukutani, na upande wa chini akabandika kalenda, ili ikitundikwa mgeni aone kalenda tu. Akatengeneza ngazi ambayo ukiikunja ni viti viwili. Akatengeneza kabati ambalo mlango wake ukiulaza ni ubao wa kupigia pasi. Akatengeneza kitanda cha mtoto mchanga ambacho mtoto akikua kinapinduliwa, kinakuwa dawati lake la shule. Mbao zenyewe zilikuwa za makasha ya mizigo, na mabaki ya miti ya korosho.

Watu walikuja kutazama. Jumapili baada ya ibada, chumba cha Gerishom kilijaa kama mnada. Na yeye alikuwa na tabia moja, naisema kwa mapenzi. Alikuwa hawezi kunyamaza. Mgeni akishakaa tu, Gerishom anasema, "Simama kidogo nikuonyeshe." Anavuta kigingi, na ulichokuwa umekalia kinakuwa kitu kingine mbele ya macho yako.

Bi Jedida aliniambia, "Mimi mzee wangu nilimzoea. Lakini ilikuwa kazi. Unaamka asubuhi unatafuta meza, kumbe uliilalia."

Mimi, wasikilizaji, ni mtu wa mambo ya kawaida. Nataka mlango uwe mlango. Lakini nakiri, nilipokiona chumba kile mara ya kwanza, nilikaa saa nzima nikivuta vigingi kama mtoto.

Sasa tuingie kwenye kisa chenyewe.

Mlango wa pili kutoka kwa Gerishom walikaa vijana wawili waliooana. Mume, Kenga Mramba, mkomba chumvi. Mke, Kadii. Wote wenyeji wa huku huku, Wagiriama. Mwaka 1981 Gerishom aliwatengenezea kochi. Mchana ni kochi la watu watatu, lenye mgongo mzuri wa kuegemea. Usiku unavuta vigingi viwili, mgongo unalala chini, na hapo pana kitanda cha mke na mume. Mashuka na mito inakaa ndani, kwenye tumbo la kochi. Gerishom aliliita Kaa-Ulale. Lilikuwa kazi yake bora kufikia siku hiyo, na alilijivunia kuliko watoto wake. Hayo ni maneno ya Jedida, si yangu.

Nirudie hilo, maana ndipo penye jambo. Mchana ni kochi. Usiku ni kitanda cha mke na mume.

Septemba mwaka huo, Kadii alikuwa na mimba ya miezi miwili. Ilikuwa ya tatu. Ya kwanza ilitoka miezi mitano. Ya pili mtoto alizaliwa amekwisha kufa. Mama yake Kadii, Bi Nyevu, ni mkunga, anakaa ndani kule upande wa Marafa. Amezalisha nusu ya vijana wa kule. Mimba zote mbili za mwanawe zilikuwa zimeharibika yeye hayupo. Alikuwa ameapa kwamba ya tatu itafikia mikononi mwake. Aliposikia habari, alifunga kikapu chake, akaja.

Alifika saa nne asubuhi. Kadii alikuwa amekwenda bombani. Kenga alikuwa mabwawani. Gerishom alikuwa mle chumbani, amekuja kukaza kigingi kilicholegea.

"Hodi," akasema Bi Nyevu.

"Karibu, mama. Shikamoo. Karibu uketi."

Bi Nyevu akaketi. Alikuwa ametembea sana, na kochi lilikuwa zuri. Akaegemea mgongo wake wote. Akafunga macho. Akasema, "Ahsante Mulungu. Mwanangu anakaa vizuri."

Wasikilizaji wapendwa, kama angeishia hapo, huenda tusingekuwa na kisa. Lakini Gerishom Thuku alikuwa hawezi kunyamaza.

"Simama kidogo, mama, nikuonyeshe."

Bi Nyevu akasimama. Gerishom akavuta kigingi cha kwanza. Akavuta cha pili. Mgongo wa kochi ukalala taratibu, tumbo likafunguka, na pale mbele ya macho ya mama mkwe kikatokea kitanda, na mito miwili, na kikoi cha Kenga alicholala nacho jana yake, bado kimekunjamana.

Na wakati huo huo Kenga mwenyewe akatokea mlangoni.

Hakuna Mgiriama anayenisikiliza saa hii ambaye hajashika kichwa. Mama mkwe hakalii kitanda cha mkwe wake. Hakigusi. Akiweza hata hakitazami. Na siyo Wagiriama peke yao. Mkamba anajua hivyo, Mkikuyu anajua hivyo, na Gerishom Mkikuyu alijua vizuri sana. Miaka mingi baadaye nilimuuliza ilikuwaje. Akaniambia, "Ndugu yangu, nilisahau kwamba ni kitanda. Machoni pangu ilikuwa ni kazi yangu tu."

Bi Nyevu hakupiga kelele. Alichukua kikapu chake. Akapita kando ya Kenga, ambaye alikuwa amegeukia ukuta kwa aibu. Akaenda kwa miguu hadi barabarani, chai hajanywa, mwanawe hajamwona. Kadii alirudi na ndoo kichwani, akakuta wanaume wawili wamesimama hawatazamani, na kitanda wazi katikati yao.

Hilo la kukalia kitanda lilikwisha. Wazee wa pande mbili walikutana, wakanywa mnazi, wakala mbuzi wa Kenga, wakasema maneno yanayosemwa, wakayafunga. Mwezi haukupita. Lakini Bi Nyevu alikataa kurudi nyumba ile. Na sababu yake si mwiko tena. Aliisema mbele ya wazee, nami nilisimuliwa na waliokuwepo.

"Lile limekwisha," alisema. "Lakini nyumba ile kila kitu kina sura mbili. Nikienda nitakaa wapi? Nikikaa kwenye meza, itakuwa kitanda. Nikiegemea ukuta, utakuwa kitanda. Mimi ni mtu mzima. Sitaaibishwa mara mbili."

Ikafika Desemba. Kadii akaanza kutokwa na damu. Muuguzi wa zahanati alimwambia jambo moja, akalirudia mara tatu. Alale. Asibebe ndoo. Asipande gari kwenda popote, si Malindi, si Marafa kwa mama yake. Kwa hiyo mtoto hawezi kwenda kwa mama, na mama hataki kuja kwa mtoto. Kadii akalala juu ya lile lile kochi, amelikunjua mchana na usiku, analia. Jedida alikuwa akimpikia uji. Kadii alikuwa akimwambia neno moja kila siku. "Nataka mayo." Yaani nataka mama yangu.

Jedida akatoka pale akaenda kwa mumewe. Aliniambia alichomwambia. "Nilimwambia, Gerishom, huyu msichana akipoteza mtoto huyu, mimi sitakaa tena kwenye kitu chako chochote. Nitakaa chini mpaka nife."

Gerishom akachukua kuku wawili, akaenda Marafa. Gari hadi njia panda, kisha miguu. Alimkuta Bi Nyevu anapepeta mahindi. Alipiga magoti mbele yake, mwanaume mzima wa miaka arubaini na sita, na kuku wakipiga kelele kwapani.

"Mama, nimekosa. Nilijua na bado nikafanya. Nisamehe, uje kwa mwanao."

Bi Nyevu hakuacha kupepeta. "Kuku ninao," akasema. "Usiniletee kuku, fundi. Niletee mahali pa kukaa."

Gerishom alirudi Marereni na kuku wake, na kazi mpya. Mahali pa kukaa. Ilikuwa Februari 1982, na mtoto alikuwa anatarajiwa Aprili.

Mtasema, kiti? Kiti ni kazi ya siku mbili kwa fundi. Wasikilizaji, kwa Gerishom kiti kile kilichukua wiki tatu. Kwa sababu mtu huyu alikuwa hajui tena kutengeneza kitu kimoja. Jedida alimkuta siku ya tatu ameketi mbele ya vipande vya mbao, mikono magotini.

"Nini?" akamuuliza.

"Jedida, mkono unanivuta. Hapa chini ya kiti pana nafasi nzuri ya mtoto wa meza, wa kuvuta. Angeweka dawa zake za ukunga."

"Hapana."

"Mtoto wa meza mdogo tu."

"Hapana, Gerishom."

Akamnyang'anya kikebe chake cha vigingi vya kuchomoka, akakifukia kwenye debe la unga. Akamwachia vya kugongomea tu. Siku ya saba alimkuta ameanza kukunjisha mkono wa kiti. Akamkazia macho mpaka akaunyoosha. Lakini Jedida naye alikuwa na watoto, na uji wa Kadii, na ndoo za bombani. Hakuweza kukaa pale kila saa. Shikeni hilo. Hakuweza kumchunga kila saa.

Kiti kikaisha. Cha mkorosho, miguu minne, mgongo ulionyooka, mikono miwili. Hakina jicho, hakina pambo. Gerishom akakifunga kwenye baiskeli na kukipeleka mwenyewe hadi Marafa.

Bi Nyevu alikizunguka mara mbili. Akakipindua. Akavuta mguu mmoja mmoja. Akagonga kila ubao kwa kifundo cha kidole, sikio karibu. Akakikung'uta kama gunia.

"Usiku kinakuwa nini?" akauliza.

"Usiku kinakuwa kiti, mama."

"Na asubuhi?"

"Kiti."

"Na mvua ikikinyeshea?"

"Kinakuwa kiti kilicholowa."

Kenga, aliyekuwa amemsindikiza Gerishom na kusimama mbali kwa heshima, anasema ndipo alipomwona mama mkwe wake akijizuia kucheka. Lakini hakukikalia. Alisema, "Kipelekeni kwa mwanangu. Nitakuja nikitaka."

Wakarudi nacho. Wakakiweka karibu na mlango. Siku zikapita. Kadii alikitazama kile kiti kitupu kutoka kitandani, wiki tano nzima. Machi ikaisha. Tumbo lilikuwa kubwa, na hofu kubwa kuliko tumbo.

Ijumaa Kuu, saa za alasiri, Jedida akiwa kwa Kadii akasikia, "Hodi."

Bi Nyevu. Kikapu mkononi, mkeka wake mwenyewe kichwani. Kadii alipiga ukelele mmoja, machozi yanamtoka. Bi Nyevu akaingia bila kutazama kochi. Akavuta kile kiti, akakigeuza kielekee nje, akaketi. Aliketi ukingoni kabisa, miguu imekanyaga chini, mgongo wima. Jedida anasema alikaa kama mtu anayesubiri gari. Hakuegemea. Alikaa pale siku mbili, akiinuka kumpapasa mwanawe tumbo na kurudi, na hakuegemea hata mara moja.

Jumapili ya Pasaka, watu wakiwa kanisani, uchungu ukamshika Kadii. Bi Nyevu alitandika mkeka wake chini, mbali na kochi. Muuguzi akaitwa. Kenga akafukuzwa akakae kwa Gerishom. Wanaume wale wawili walikaa kwenye ngazi iliyokunjwa ikawa viti. Kenga anasema hiyo ndiyo siku pekee Gerishom hakumwonyesha chochote.

Saa saba mchana mtoto akalia. Msichana, mzima, mwenye sauti ya kugombana. Kadii mzima. Gerishom aliposikia ile sauti aliinuka kwa ghafla hata ngazi ikafunguka, Kenga akaanguka chini, na hakuna aliyejali. Walimwita mtoto Easter. Jina alilitoa Jedida. Mwezi huu Easter anatimiza miaka saba.

Tangu siku hiyo Gerishom Thuku alibadili kazi yake. Hakuacha michezo, hapana. Mwaka 1985 alihamia Malindi mjini, akafungua karakana na Joram, na hoteli moja ya ufukweni ikaagiza vigoda kumi na viwili, kila kimoja kinageuka kivyake. Lakini kila kitu chenye sura mbili alikichonga jicho, ubavuni, mahali pa kuonekana. Alikuwa akiwaambia wateja, "Mgeni akiona jicho, ajue kinaweza kufunguka. Akae akijua." Na kisicho na jicho hakifunguki. Hiyo ilikuwa sheria ya karakana.

Sasa nilishawaambia, Jedida hakuweza kumchunga kila saa. Na Jedida alimjua mumewe. Miaka saba, wasikilizaji, mwanamke huyu aliishi na hofu moja ambayo hakumwambia mtu. Aliniambia mimi akiwa amevaa leso nyeusi. "Nilikuwa najua tu kuna kitu kwenye kile kiti. Gerishom hakuwahi kutengeneza kitu bila siri. Nilimuuliza mara nyingi. Ananijibu, ni kiti. Anacheka. Sasa hicho kicheko ndicho kilichokuwa kinanitisha. Nikisikia Bi Nyevu amekuja Marereni, nasema leo ndiyo leo, leo kitafunguka chini yake mbele ya watu."

Gerishom aliugua wiki mbili, mapafu. Akafariki Machi, akazikwa Malindi kama alivyoomba. Watu walijaa uani. Vilitolewa vitu vyake vyote vikaliwe, na waombolezaji wa bara wasiojua waliketi juu ya meza na kuegemea vitanda. Hapo ndipo nilipocheka mara ya kwanza, Mungu anisamehe.

Siku ya tatu ya matanga, Bi Nyevu alifika. Alikuwa amepanda lori la chumvi kutoka Marereni pamoja na Kadii, na alikuwa amebeba kile kiti. Alivaa hando jipya, ile sketi ya marinda ya wanawake wa Kigiriama. Alipokishusha uani, kiti kikayumba. Mguu mmoja ulikuwa umelegea kwa mitikisiko ya safari.

Bi Nyevu akamwita Joram. "Mdogo wa fundi, nitengenezee. Nimekuja kukaa na ndugu zako."

Niliona uso wa Jedida ukibadilika. Joram akakigeuza kiti, akashika mguu, akausokota kidogo. Ukatoka taratibu. Mnajua miguu ya viti vya Gerishom, mwisho wake una ulimi wa mbao unaoingia ndani ya kiti. Ulimi ukatoka mzima. Joram akautazama. Akautazama tena.

"Kuna maandishi," akasema.

Jedida alikuwa ameshika leso mdomoni. Bi Nyevu akasimama mbali kidogo na kiti, mikono nyuma.

"Kinasema nini?" akauliza. Yeye hasomi.

Joram akampa Jedida ule mguu. Jedida aliujua mwandiko kabla ya kusoma. Ilikuwa penseli ya seremala, imefifia, herufi zake nene. Alisoma kimoyomoyo. Kisha akakaa chini palepale mchangani, na kwa muda sikujua kama analia au anacheka.

"Kinasema nini, mwanangu?"

Jedida akasoma kwa sauti. "Kinasema, Mama Nyevu, hata humu ndani ni kiti tu. Gerishom Thuku, Februari 1982."

Hapo ndipo nilipocheka mara ya pili. Wote tulicheka, waliofiwa kwa wasiofiwa. Alijua, wasikilizaji. Alijua kwamba siku moja mtu atakifungua kutafuta siri. Akaiweka pale mapema, imngoje, maana alikuwa hawezi kunyamaza.

Joram akapaka gundi, akaurudisha mguu, akagongomea kigingi kipya. Cha kukaa milele. Akakiweka kiti karibu na Jedida.

Bi Nyevu akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo, "Miaka saba nakitafuta mlango. Kila nikija kwa mwanangu nakigonga. Alikuwa akiniambia kweli."

Akaketi. Kwanza ukingoni, kama alivyozoea, miguu imekanyaga chini. Kisha akasogea nyuma. Akasogea tena. Akaegemea mgongo wake wote, akafunga macho.

Hapo ndipo niliposhusha pumzi. Nikamtazama Jedida, naye alikuwa ameshusha yake.

Wasikilizaji wapendwa, tunatoa pole kwa Bi Jedida, kwa watoto wake, na kwa Joram na wote wa karakana ile. Tunatoa pole kwa jamaa wa Murang'a waliosafiri mbali. Kwa Kenga, Kadii na mtoto wao Easter, pole, jirani mwema ameondoka. Mungu amlaze Gerishom Thuku mahali pema, fundi seremala wa Marereni na Malindi.

Na sisi tuliobaki, tujiulize leo kwa utulivu. Nyumbani mwetu, ni mangapi tunawakalisha watu juu yake bila kuwaambia? Mgeni akiingia kwako jioni hii, mwambie anakalia nini. Kisha mwache aegemee.